Kufuli Likining'inia, Mtu Yuko Ndani

Chumba cha mafundi, kiwandani
2 Juni

Shemeji,

Pole nimeshakupa sijui mara ngapi, na bado naona haitoshi. Nakuandikia kwa sababu simu yako haipatikani. Dereva wa lori letu anapita mjini kwenu mara kadhaa kwa wiki, amekubali kuwa posta yetu. Ukinijibu, mwachie barua pale dukani kwa dada yako.

Mgonjwa wetu anaendeleaje? Huku kila mtu ananiuliza mimi kana kwamba mimi ndiye daktari. Nawe unajua hawakuniita Redio bure: ninachokijua kinatoka, na nikijaribu kuficha kinasomeka usoni. Kwa hiyo nipe habari za kweli nizitangaze.

Pamoja na barua hii nimempa dereva ule mfuko wa vyombo vyake vya kazi, ulioushona wewe kwa jinzi kuukuu. Siku ya ajali mlinzi aliokota kila kilichokuwa sakafuni, akakitia humo na kukaza kamba. Mimi sijaufungua. Unanuka moshi, nikashindwa.

Sasa la ofisini. Wanataka ufunguo wa kufuli lake. Najua mumeo hakuwa mtu wa kuleta habari za kazi mezani, basi nikueleze mwenyewe. Huku kila fundi wa umeme ana kufuli lake, na ufunguo ni mmoja tu, unakaa shingoni mwa mwenyewe. Kabla hujaingiza mkono ndani ya kabati la umeme unazima swichi, unaipiga kufuli, unavaa ufunguo. Hapo hata Bosi Mkuu akitaka kuwasha, hawezi. Mlangoni pa chumba cha swichi kuna maneno aliyoyaandika mumeo kwa rangi, kwa mkono wake: KUFULI LIKININGʼINIA, MTU YUKO NDANI. Na kabla ya kuwasha tunauliza kwa sauti, "Nani yuko ndani?" Kila mwenye kufuli anajibu, "Nimetoka!"

Tulimcheka sana kwa hilo. Hata tukiwa wawili tu, tumesimama tunatazamana pua kwa pua, lazima aulize, nami lazima nijibu, la sivyo hawashi. Ndipo jina la Taratibu likamganda.

Basi kufuli lake bado linaning'inia kwenye kabati la mkanda namba nne wa kubebea mawe, lile alilokuwa akilifanyia kazi umeme ulipomrukia. Mkanda umesimama na ofisi wanalia hasara. Ufunguo uliondoka naye shingoni. Kama unao, mpe dereva.

Wasalimie wote hapo,
Redio


Wodi ya walioungua
6 Juni

Shem Redio,

Simu nimeizima mwenyewe. Ofisi walikuwa wananipigia kutwa nzima, na hakuna hata mmoja aliyeuliza Baba, mume wangu, ameamkaje. Wote ufunguo, ufunguo. Tangu tumlete hospitali hii ya kwetu walikuja mara moja tu, wakaacha juisi, wakaangalia saa zao, wakaenda. Sasa wanione kwa barua.

Habari za kweli ni hizi. Anaona na anasikia. Sauti hana. Daktari anasema aliivuta ile hewa ya moto ikaunguza koo. Mikono na uso ni vidonda vitupu. Kifua kimepona kwa sababu ya ile ovaroli nzito ya pamba niliyokuwa nikiinung'unikia kila nikiifua. Angevaa shati la nailoni, anasema, lingemyeyukia mwilini. Nimeona haya kwa manung'uniko yangu yote.

Daktari anasema pia kwamba hakushika waya wowote. Unaungua vipi na umeme ambao hukuushika? Nieleze, shem, kwa maneno ya mtu asiye fundi.

Kuna jambo jingine. Mkono wake wa kulia unafanya kazi. Sisemi umepona. Kila asubuhi wakishambadilisha bendeji unainuka wenyewe, unazungusha, unazungusha tena, kama mtu anayekaza kitu. Halafu unasimama hewani na hauteremki, mpaka niushushe mimi. Muuguzi anasema ni dawa. Lakini mtu wa dawa macho yake huzurura, na ya Baba wakati huo yananitazama mimi.

Ufunguo ninao. Nilimvua siku ya kwanza nikauvaa. Barua yako ilipofika nikamwambia, "Baba, ofisi wanataka ufunguo. Niwape?" Redio, mtu asiyeweza kugeuka kitandani aligeuka. Alitikisa kichwa mpaka ile mashine ya pembeni ikalia, wauguzi wakaja mbio. Nikamwinamia sikioni, nikamuuliza, "Kuna mtu ndani?" Akafumba macho, na hakuyafumbua mpaka jioni.

Ufunguo sitoi. Waambie mwenyewe amekataa.

Mfuko umefika. Nimeusukuma chini ya kitanda nyumbani kwa dada. Wewe umeshindwa kuufungua, sembuse mimi.

Shemeji yako,
mke wa Taratibu


Chumba cha mafundi
10 Juni

Shemeji,

Nimewaambia. Bosi Mkuu amepiga meza mpaka chai yake ikamwagika kwenye makaratasi, nasi tuliokuwa dirishani tukapata cha kucheka wiki nzima.

Umeuliza umeme unarukaje. Umeme mkubwa kama wetu hauhitaji kushikwa. Ukiukaribia na chuma, au vumbi likijaa mahali pasipotakiwa, hewa yenyewe inageuka waya. Ukisharuka, shaba inachemka na kuwa mvuke, na unakuja moto ambao jua lenyewe ni mtoto wake. Kufumba na kufumbua umekwisha. Anayebaki ndiye aliyekuwa mbali, au aliyevaa nguo zake zote na kofia ya kioo.

Mumeo alizima swichi na kuifunga vizuri. Lakini ukizima swichi, umeme unakatika kwa chini tu. Zile nyaya zinazoingia kwa juu zinabaki hai siku zote, na ndiyo maana zinafunikwa kwa bati. Siku ile bati halikuwapo. Kuna mtu alilitoa kabla yake, hakulirudisha. Ni nani, hajajulikana, na siku hizi mafundi tukinywa chai kila mtu anamtazama mwenzake. Taratibu alikuwa ameinama anakaza bolti za chini, salama kabisa, na hatari iko juu ya kichwa chake.

Chumba chenyewe, shemeji, sikipendi tena. Ukuta wa nyuma uliingia masizi wote, isipokuwa sehemu moja, pale mwili wake ulipokinga. Pamebaki peupe, na mabega yake unayaona na kichwa kilichoinama. Wamepaka rangi. Ilipokauka akaonekana. Wamepaka tena juzi.

Mafundi wa nje wamekuja wakabadilisha sehemu yote ya juu iliyoungua. Ya chini hawakuifungua, maana mlango wake ulijibamiza siku ya ajali, na mkono wa swichi unaoufungua umeshikwa na kufuli la mumeo. Wakapimia mbali, kwenye miisho ya nyaya, Jumapili kiwanda kizima kikiwa kimelala, kipimo kikasema safi. Bosi Mkuu anasema kipimo hakina undugu na mtu.

Kinachomzuia ni Bwana Usalama, yule mwembamba anayetembea kama anahesabu vigae. Ameweka kanuni mezani. Kufuli la mtu aliye hai linatolewa na mwenyewe, au kwa ridhaa yake. Mtu akifa, au akiacha kazi, meneja anatia saini na linakatwa siku hiyohiyo. Kwa hiyo, pumzi ya mumeo ndiyo inayolishikilia. Mlishe, mnyweshe, waache wapige meza!

Mimi sina wasiwasi. Likitoka ni mimi nitakayewasha, mkanda ule ni wa zamu yangu. Unasimama mbele ya kabati, unavuta mkono wa swichi, basi. Nimeuvuta mara nyingi kuliko nilivyonyoa ndevu.

Na ule mkono wa mgonjwa usikutishe. Ni dawa tu. Mtu aliyekaza bolti maisha yake yote, akilala atakaza nini kingine?

Wako,
Redio


Nyumbani kwa dada
15 Juni

Shem Redio,

Barua yako nimeipata Jumanne, nimeisoma, nimeirudia.

Nimemtoa hospitali. Niko naye huku kwetu, mahali patulivu. Hali ni ileile. Ukiulizwa ofisini sema hivyo: hali ni ileile, na bado amekataa.

Nisamehe kwa ufupi. Usingizi sijaupata siku mbili hizi, na nyumba ina watu.

Uliposema ni wewe utakayewasha, ni kanuni au ni hiari? Hakuna mwingine? Nijibu hilo kwanza, mengine baadaye.

Shemeji yako


Chumba cha mafundi
18 Juni

Shemeji,

Kutolewa hospitali ni habari njema, nimeitangaza mpaka getini! Mpishi wa kantini alipiga kigelegele akaniongezea nyama. Lakini mbona barua yako imepoa hivyo? Umeniandikia kama mtu anayeandikia benki.

Kuwasha ni mimi. Zamu ni zamu, shemeji. Nikimpa mwingine nitakuwa nimempa nini?

Sasa nikuambie kitu, na ukimsomea mgonjwa hiki kiruke. Tangu Alhamisi kabati namba nne linagonga. Kabati limezimwa, limefungwa, halina umeme hata wa kumwasha kimulimuli, na ndani yake unasikia: ti. Kimya. Ti, ti. Kama mtu anayegonga kwa kucha ya kidole. Wa kwanza kusikia ni mama wa usafi. Aliacha ndoo na fagio palepale, mpaka leo ndoo iko humo na hakuna anayekwenda kuichukua. Bosi Mkuu anasema ni panya. Panya yupi aingie kwenye chuma kilichofungwa pande zote? Na panya yupi apumzike chakula cha mchana? Maana kinu kikubwa cha kusagia mawe, kile kilichokuwa matengenezoni, kimerudi kazini Alhamisi hiyohiyo, na ninaona kama kabati linagonga kikiwa kinafanya kazi, na kikizimwa linanyamaza. Labda. Mara nyingine naona hivyo, mara nyingine sioni.

Vijana wa zamu wanasema Taratibu bado yumo anamalizia bolti zake. Wanasema kwa utani, lakini hakuna anayepiga tena mluzi akipita mlango ule, na wote wanapita upande wa pili wa ujia.

Jana adhuhuri niliingia peke yangu kusoma mita. Yule wa ukutani ameonekana tena chini ya rangi. Nikajitia ushujaa, nikauliza kwa sauti kama alivyokuwa akiuliza yeye, "Nani yuko ndani?"

Ti. Ti. Ti.

Nikacheka. Halafu nikatoka nje nikaenda kuchekea mbali.

Jumapili hii sina zamu. Nakuja kumwona. Hata kama hawezi kusema, nitasema mimi kwa niaba ya wawili, kama kawaida yetu. Nimemkumbuka sana yule mtu, shemeji. Sikuwahi kumwambia.

Wako,
Redio


Nyumbani kwa dada
21 Juni

Shem Redio,

Usije Jumapili. Daktari amekataza wageni, vidonda vinashika uchafu upesi. Nakuomba, na nisingekuomba kama ungekuwa mtu wa kuombwa mara mbili. Subiri nikuite. Nitakuita, naapa.

Umesema limeanza kugonga Alhamisi. Una hakika ni Alhamisi? Asubuhi au jioni?

Nikueleze vizuri ule mkono, maana nimekaa nao nikiufikiri na naona niliueleza vibaya. Hakuwa anakaza tu. Anazungusha mara kadhaa, kisha anaacha kuzungusha lakini hafungui vidole. Kisha anavifungua ghafla, kama aliyeshtushwa. Halafu kiganja kinabaki wazi pale pale juu, na macho yananitazama, yanatazama kiganja, yananitazama. Mimi nikadhani anaomba nimshike. Nilikuwa namshika. Naye anauvuta mkono wake, anaanza upya.

Jana nimeufungua mfuko wake hatimaye. Niliona moshi ule ukikaa humo utaila nguo, nami nilikuwa natafuta kazi ya kufanya, kazi yoyote. Nimefua mfuko, nimeuanika, nimefuta kila chombo kwa mafuta na kukirudisha mahali pake. Unakumbuka niliushona kwa vipimo, kila chombo na mfuko wake mdogo, koleo haliwezi kuingia kwa bisibisi. Basi mfuko mmoja umebaki mtupu. Ni wa ile spana namba kumi na tisa ya baba mkwe, yenye utepe mwekundu mpinini ambao Baba alikuwa akiubadilisha kila ukichakaa. Ndicho kitu pekee alichoachiwa na baba yake, na hakuwa anamwazima mtu, hata wewe.

Waulize wenzako. Sitamgombeza aliyeichukua, aseme tu ameiokota sakafuni akaona ni nzuri. Lakini irudi. Sitaki mfuko wake uwe na pengo.

Shemeji yako


Chumba cha mafundi
26 Juni

Shemeji,

Nikae nikupangie.

Jumapili sikuja kwa sababu waliniongezea zamu ghafla, na sikukuandikia kwamba Bosi Mkuu alikwisha kuchoka kusubiri. Jumatatu alimwita Bwana Usalama wakafungiana, wakatoka mmoja ana karatasi yenye saini na mwingine hana rangi. Kufuli likatwe Jumanne asubuhi, mgonjwa aridhie asiridhie. Nikaambiwa niwe tayari.

Jumanne nilikuwa nimeshavaa. Lile koti zito la kuzuia moto, glavu, kofia ya kioo nimeishika kwapani. Mkata chuma ameshaleta mkasi wake mkubwa. Bosi Mkuu yuko mlangoni, kwa mbali, huwa haingii ndani. Kinu kinanguruma, kabati linagonga ti, ti, na wote tunajifanya viziwi. Ndipo dereva akanifuata hadi humo na barua yako, anahema, kwa sababu ulimwambia aniwekee mkononi na si mezani. Nikamwambia asubiri. Akasema, shemeji yako amesema mkononi. Basi nikavua glavu moja nikaifungua, nikaisoma nimesimama, kioo kwapani.

Nilifika kwenye mfuko mtupu. Nikarudi juu kwenye mkono wake. Anazungusha, anaacha, vidole vinafunguka ghafla.

Shemeji, ule si ugonjwa. Mumeo alikuwa anakuonyesha alichokuwa akifanya umeme ulipomrukia. Spana ilikuwa kwenye bolti na mkono ukaiachia. Hakuitoa.

Nikasema kwa sauti, "Kuna spana ndani." Bosi Mkuu akasema kipimo kilisema safi. Bwana Usalama akaniuliza nimejuaje, nikampa barua. Akaisoma polepole, vile anavyosoma kila kitu, kisha akaichukua ile karatasi yenye saini, akaikunja, akaitia mfukoni mwake. Akamwambia mkata chuma aende akanywe chai. Bosi Mkuu akaondoka.

Tukazima umeme wa chumba kizima kule unakoingilia, kitu ambacho hakuna anayetaka kukifanya siku ya kazi kwa sababu kiwanda chote kinasimama. Giza, tochi. Nikapima, nikapima tena, nikaunga nyaya za ardhini. Kufuli la mumeo hatukuligusa. Tulizunguka nyuma, tukafungua bati la mgongoni ambalo lina bolti nyingi kuliko dhambi zangu.

Ilikuwa pale. Kichwa kimekaa kwenye bolti kama alivyoiacha, mpini wenye utepe mwekundu umening'inia, na mwisho wake umeachana na nondo ya shaba ya pili kwa unene wa ukucha. Kinu kikiwaka, chumba kinatetemeka, mpini unagusa na kuachia. Ti. Ncha yake imeng'aa kwa kugongagonga. Walipopima kinu kilikuwa kimezimwa, imetulia, haijagusa kitu, na kipimo kikasema ukweli wake.

Ningevuta swichi na kinu kinafanya kazi, mpini ungegusa ile nondo ya pili, na moto uleule ungelipuka. Ningekuwa nimesimama mbele yake. Lile koti lina kiwango chake, na Bwana Usalama alinipigia hesabu ya moto ambao ungetoka mle, akaishia katikati, akafunga kalamu. Sikumwuliza jibu.

Jana sikula. Leo nimekula chakula cha watu watatu.

Mwambie Taratibu nimekoma kumcheka. Mwambie spana imetoka, anaweza kuushusha mkono. Mwambie maneno haya haya, nami nikija nitayarudia mbele yake nikipiga magoti kama inabidi, na wewe unitafutie mkeka maana magoti yangu ni ya zamani.

Kitu kimoja kimebaki, na Redio hajui kunyamaza. Spana iko kwenye droo ya Bwana Usalama, imefungwa kwa kitambaa. Kabati ni tupu, nimelifuta kwa mkono wangu. Leo mchana kinu kilikuwa kimezimwa, watu wote wako kantini. Nilipita mlangoni.

Ti. Ti. Ti.

Wako daima,
Redio


Nyumbani kwa dada
30 Juni

Ndugu yangu Redio,

Leo sikuiti shemeji. Kaa chini usome, na kama umesimama barabarani, tafuta ukuta.

Taratibu alifariki Alhamisi, tarehe 13, asubuhi. Wameshambadilisha bendeji, mkono ukainuka, ukazungusha, ukabaki hewani kama kila siku. Nikaushika ili niushushe. Mara hii ulishuka wenyewe, mzito, nami nikajua kabla daktari hajaja. Tulimzika kesho yake, watu wachache. Wazee wa kwetu waliniuliza mbona wenzake wa kazini hawajafika. Nikasema wako kazini.

Barua zangu mbili nilizokuandikia baada ya hapo zilikuwa za uongo. Hali ileile, daktari amekataza wageni, yote uongo. Barua yako yenye kanuni ya Bwana Usalama ilinifikia Jumanne, na Alhamisi nikawa mjane. Nilikaa na maiti ya mume wangu nikawa nafikiri neno moja tu: siku hiyohiyo. Wakijua amekufa watalikata siku hiyohiyo, na wewe ndiye utakayevuta swichi. Mimi sikujua mle ndani kuna nini. Nilijua tu kwamba mtu asiyeweza kugeuka kitandani aligeuka ili kusema hapana. Nikaamua aendelee kukataa.

Wewe nisingeweza kukuambia. Ungejitahidi, najua, ungeuma ulimi mpaka damu itoke, na Bwana Usalama angekutazama usoni mara moja akasoma kila kitu. Kwa hiyo nilikuacha utangaze getini kwamba anapona. Nilikuacha mpishi akuongezee nyama. Nimekunyima kumzika rafiki yako, Redio, na hilo halina pole. Ulipoandika kwamba unamkumbuka na hukuwahi kumwambia, niliichukua barua yako nikaenda nayo makaburini nikamsomea mpaka mwisho, na utani wako wote. Ni yote niliyoweza kukufanyia.

Na uliposema kabati limeanza kugonga Alhamisi, mstari huo niliusoma nikaenda kukaa jikoni na mlango wazi. Najua ni kinu. Umenieleza vizuri, mpini, nondo, mtetemo, nimeelewa na naamini. Lakini ile ya juzi, mchana, kinu kimezimwa na spana iko kwenye droo, hiyo hukunieleza, wala sitaki unieleze.

Usiogope. Fikiri kama yeye. Kufuli lake linaning'inia bado, na aliandika mwenyewe mlangoni maana yake ni nini. Ni mtu wa utaratibu. Hawezi kuondoka kabla hajaulizwa na kabla jibu halijasikika. Mlimpaka rangi, mkampima, mkazunguka mgongoni kwake. Hakuna aliyemwondolea kufuli.

Ufunguo huu hapa, nimeutoa shingoni sasa hivi, bado una joto langu. Sasa waambie ofisi ukweli wote, tangaza upendavyo. Halafu ingia mle mchana, na watu wakiwapo. Usikubali likatwe. Lifungue kwa ufunguo, vile ambavyo angelifungua mwenyewe. Spana uniletee kwa mkono wako, sio kwa dereva. Mkeka upo, na kaburi nitakuonyesha.

Lakini kabla hujazungusha ufunguo, uliza kwa sauti kama alivyokuwa akiuliza yeye. Na likigonga, usikimbie ukachekee nje. Simama hapo umjibie, kwa ile sauti yako inayofika getini:

"Taratibu ametoka!"

Dada yako,
mjane wake